Kuku anayekoroma, aliyevimba uso au anayehema domo wazi: kutafuta sababu kabla ya kununua dawa

Huku kwetu Pemba karibu kila kuku anayetoa makamasi huambiwa ana mafua, na karibu kila anayeambiwa hivyo hununuliwa paketi ya unga wa antibayotiki, ukachanganywa kwenye maji kwa kukisia, yakasubiriwa matokeo. Jina hilo moja limebeba maradhi yasiyopungua manane. Baadhi yake hutokana na bakteria, na hayo husikia dawa. Baadhi hutokana na virusi, ambavyo hakuna unga wa dukani unaoviua. Na mengine si ya bakteria wala ya virusi, bali ni minyoo, ukungu, moshi wa jikoni au hewa kali inayotoka kwenye kinyesi kilicholowana. Mwenye kuku kumi nyuma ya nyumba hana fedha za kujaribu dawa tatu mfululizo, kwa hiyo kujua ni lipi kati ya hayo linalomsumbua ndiyo nafuu yake ya kwanza.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka mmoja, zikiwa zimebaki wiki mbili kufika Idi, nilinunua jimbi sokoni, mwekundu, upanga umesimama, nikamtia bandani pamoja na wengine jioni ile ile. Siku ya sita tembe mmoja alianza kukoroma. Nikanunua oksitetrasaiklini, nikawatilia kwenye maji, na moyo ukatulia kwa kuwa nilidhani nimeshatibu. Siku ya tisa kinyesi kilikuwa cha kijani kibichi kama maji ya mchicha, na kufikia siku ya kumi na tatu nilikuwa nimezika kuku 19 kati ya 23. Kilikuwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na dawa niliyoinunua haikuwa na kazi yoyote kwa ugonjwa ule.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo kitu cha kwanza anachokiona mfugaji. Chini ya kila dalili sababu inayotokea zaidi imetangulia, na zile za nadra zimefuata.

Saa ya kwanza, kabla ya kwenda dukani

Mtenge anayeumwa. Tenga lililofunikwa kifudifudi juu ya majani makavu linatosha, mradi liwe kivulini na mbali na wenzake kwa hatua kumi au zaidi. Uangalie upepo: wakati wa kusi mgonjwa awekwe upande wa kaskazini wa banda, na wakati wa kaskazi awekwe upande wa kusini, ili upepo usiyapeleke makohozi yake kwa wazima. Walishe wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha uoshe mikono kwa sabuni na ndara zako pia, maana uchafu ulioganda chini ya ndara ni njia ya maambukizo ambayo watu wengi hawaifikirii.

Kisha ujiulize mambo matatu na uyaandike. Wanaumwa wangapi kati ya wangapi, na wameongezeka kwa siku ngapi? Je, wamechanjwa kideri, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Kuna kuku mgeni aliyeingia, au kuku wako aliyetoka akarudi, ndani ya wiki tatu zilizopita? Ugonjwa unaowashika wote kwa siku moja au mbili ni tofauti na ule unaotambaa kwa wiki kadhaa, na daktari wa mifugo atakuuliza haya haya kabla ya jambo jengine.

Baada ya sala ya isha, kuku wakiwa wameshatulia, nenda bandani bila ya taa, ukae kimya kwa dakika tano. Mchana sauti za mifugo na watoto huficha mengi, lakini gizani utamsikia anayekoroma, sauti yake ikiwa nyembamba na yenye majimaji kama mtu anayevuta maji ya mwisho ya dafu kwa mrija. Ndipo uwashe tochi umtafute ni yupi.

Hali zinazotaka usimame na umwite mtaalamu

Usiendelee kutibu peke yako iwapo kuku wawili au zaidi wamekufa ndani ya siku moja. Iwapo kuna shingo zilizopinda, mabawa yaliyolegea au miguu iliyokufa ganzi. Iwapo kichwa kimevimba na upanga umegeuka rangi ya zambarau, au miguu ina madoa ya damu chini ya ngozi. Au iwapo mtu wa nyumbani aliyewashika kuku ameshikwa na homa, kikohozi au macho mekundu. Hali hizi huweza kuwa kideri au mafua makali ya ndege, na hayo ya pili humwambukiza binadamu. Toa habari kwa sheha au ofisi ya mifugo ya wilaya yako siku hiyo hiyo, usimpasue kuku aliyekufa, usiuze, usichinje kwa ajili ya kugawa, na usiwahamishe walio hai. Huyo mtu anayeumwa naye aende hospitali, na aeleze kwamba amekuwa na kuku wagonjwa.

Dalili: anakoroma usiku na kupiga chafya, lakini bado anakula

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi.

Anza na hewa. Piga magoti ndani ya banda, uso wako uwe kwenye kimo cha kuku, uvute pumzi mara tatu. Ukihisi pua inawasha na macho yanatoka machozi, basi kuku wako wanakaa ndani ya hewa hiyo usiku kucha, na amonia inayotoka kwenye kinyesi imeshaanza kuunguza utando wa koo zao. Hali hii huzidi wakati wa masika, pale matandiko ya randa au majani yanapolowana na mwenye kuku akafunga kila upenyo kwa magunia akidhani anawakinga na baridi. Ondoa matandiko yote, utandike makavu, na ufungue sehemu ya juu ya kuta ili hewa itoke juu ya vichwa vyao bila ya kuwapiga moja kwa moja. Kama banda limeegemezwa kwenye jiko la kuni na kumbi, moshi nao ni sababu tosha. Vumbi la pumba lililosagwa sana huleta chafya pia, na kulinyunyizia maji kidogo kabla ya kulisha huondosha tatizo. Ikiwa ni hewa tu, kukoroma hupungua ndani ya siku nne au tano bila ya kutoa shilingi ya dawa, na hii ndiyo maana hatua hii imekuja mwanzo.

Hewa ikiwa safi na bado wanakoroma, sababu inayofuata ni ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaosababishwa na mikoplasma, ambaye ni aina ya bakteria. Alama zake ni kukoroma kwa wiki kadhaa, povu dogo kwenye pembe ya jicho, kukonda taratibu na kupungua mayai. Huenea polepole, na huchukua kati ya wiki moja na tatu tangu kuambukizwa hadi kuonekana. Mama huupitisha kwa kifaranga kupitia yai, ndiyo maana wapo wafugaji wanaoona kila kizazi cha koo fulani kinakoroma. Dawa zinazofaa ni tailosini, doksisaiklini au oksitetrasaiklini. Amoksilini na dawa nyengine za jamii ya penisilini hazifai hata kidogo, kwa sababu dawa hizo hufanya kazi kwa kuvunja ukuta wa bakteria, na mikoplasma hana ukuta huo. Kwa hiyo kapsuli za binadamu zilizobaki nyumbani, ambazo wengi huzifungua na kuzitia kwenye maji ya kuku, ni hasara juu ya hasara. Ni lazima pia ujue kwamba dawa hutuliza ugonjwa lakini haiumalizi: kuku aliyeupata hubaki na mikoplasma maisha yake yote, na shida ikimpata, kama mvua kubwa au safari, hukoroma tena. Kwa mwenye kipato kidogo shauri langu ni kuwatibu mara moja, na wanaorudia baada ya hapo wachinjwe wakati bado wana nyama, baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kupita.

Sababu ya tatu ni mkamba wa kuku, ambao ni wa virusi. Huwashika karibu wote ndani ya siku mbili, huwapigisha chafya, na kwa wanaotaga huacha alama isiyosahaulika: mayai yenye ganda lililokunjamana au laini, na ute wa ndani mwepesi kama maji. Hauna dawa. Wapatie maji safi, chakula na utulivu, nao wakubwa wengi hupona, ingawa mayai huweza kuchukua wiki nyingi kurudi na baadhi hayarudi tena kama zamani.

Dalili: uso umevimba, jicho limefumba, makamasi yana harufu

Msogeze kuku karibu na pua yako. Harufu nzito ya kuoza, pamoja na uvimbe chini ya jicho moja au yote mawili na manyoya ya bega yaliyogandana kwa kuwa amejifutia makamasi, ni dalili ya mafua ya kuku yenyewe, yaani yale yanayostahili jina hilo. Ni ya bakteria, huonekana kati ya siku moja na tatu tangu kuambukizwa, huenea kwa kasi kupitia chombo kimoja cha maji, na kwa kawaida hayaui wengi isipokuwa yakichanganyika na maradhi mengine. Yanasikia dawa vizuri yakiwahiwa.

Kabla ya dawa, msafishe. Chemsha maji nusu lita, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, uache yawe vuguvugu. Mfunge kuku kwenye kanga kuukuu ili mabawa yasipigepige, kichwa kikibaki nje. Loanisha pamba, uiweke juu ya jicho lililofumba kwa muda wa dakika moja bila ya kusugua, mpaka ugando ulainike, kisha uufute kuelekea upande wa mdomo. Tundu za pua zisafishwe kwa ncha ya pamba iliyosokotwa. Mara nyingi kope zikishafunguka hutoka kitu cheupe kilichoganda kama jibini. Kikitoka chenyewe kwa kubonyeza taratibu, vyema, lakini kikiwa kimeshikamana na mboni usikivute. Kuku aliyekuwa amejikunyata tangu asubuhi huweza kuanza kudonoa punje dakika chache tu baada ya kufunguliwa jicho, kwani mengi ya udhaifu wake yalikuwa njaa: kuku asiyeona hawezi kula.

Kisha utoe oksitetrasaiklini kwa wote walio banda moja, si kwa aliyevimba pekee. Dawa za salfa pia hufaa, lakini zisitolewe kwa wanaotaga. Wanaopona hubaki wamebeba bakteria na huwaambukiza wageni, kwa hiyo ukiwa na kundi lililopona, usilete tembe wapya juu yake. Subiri mpaka utakapoliondosha lote. Jambo la kuleta faraja ni kwamba bakteria huyu hufa kwa urahisi. Nje ya mwili wa kuku hadumu zaidi ya siku chache, na banda lililokwanguliwa, likasafishwa kwa sabuni, likapakwa chokaa na kuachwa wazi juani wiki mbili huwa salama kuanza upya.

Ikiwa uvimbe upo na harufu haipo, fikiria mikoplasma iliyoelezwa hapo juu. Vigaga vyeusi juu ya upanga na pembeni mwa jicho vinaonesha ndui ya kuku, inayoletwa na mbu, na kwa hiyo huongezeka baada ya mvua. Uvimbe wa ndevu tu, zikiwa za moto, pamoja na vifo vya ghafla, huelekea kipindupindu cha kuku, na hapo mtaalamu anahitajika. Jicho moja la kuku mmoja, bila ya makamasi, aghlabu limepigwa na mwenzake au limeingia mchanga. Mwisho, kuku wanaolishwa pumba na chicha tu, bila ya kijani, huvimba macho na kupata vipele vidogo vyeupe ndani ya mdomo kwa kukosa vitamini A. Hao hawahitaji paketi bali mchicha, matembele, majani ya mlonge na papai bivu, kila siku.

Dalili: anahema domo wazi na kunyoosha shingo

Tazama saa na jua kwanza. Katika miezi ya kaskazi, adhuhuri, kuku wote wakiwa wameachama midomo na kuyatanua mabawa kando ya mwili, hilo ni joto. Kivuli, maji ya baridi na kupunguza msongamano ndiyo tiba, na ikifika magharibi wanakuwa wazima. Anayehema hivyo alfajiri, wakati wa ubaridi, ndiye mgonjwa.

Kwa huyo, fungua mdomo wake karibu na dirisha lenye mwangaza. Ukiona utando wa manjano au mweupe uliogandama kwenye ulimi na koo, hiyo ni ndui iliyoingia mdomoni. Utando usichunwe, kwa sababu chini yake huvuja damu na kuku huweza kupaliwa. Upakwe kidogo iodini iliyochanganywa na maji kwa ncha ya pamba mara mbili kwa siku, na kuku apewe chakula laini. Ikiwa utando umekaribia kuziba tundu la pumzi, mpeleke kwa mtaalamu au umchinje asiendelee kuteseka. Chanjo ya ndui ipo, huchomwa kwenye ngozi ya bawa, na huwafaa wale ambao bado hawajaambukizwa.

Mdomo ukiwa safi, na mgonjwa akiwa kifaranga mkubwa au tembe anayezurura kwenye udongo wenye nyungunyungu na konokono, anayepiga miayo na kutikisa kichwa kama anayetaka kutoa kitu kooni, shuku minyoo ya koromeo. Ni myekundu na hukaa dume na jike wameungana, ukiiona ina umbo la herufi Y. Dawa za minyoo kama levamisoli au fenbendazoli huiua, nazo ni rahisi kuliko antibayotiki. Mpe kwa uzito, na si kwa kukisia, kwa sababu levamisoli ikizidi huwa sumu.

Upo ugonjwa mwengine wa virusi unaoshambulia koromeo lenyewe, ambapo kuku hukohoa damu na unaikuta imerukia ukutani au juu ya manyoya ya wenzake. Si wa kawaida sana katika ufugaji wa nyumbani, hauna dawa, na damu hiyo inatosha kuwa sababu ya kumwita mtaalamu.

Kwa vifaranga wa chini ya wiki tatu wanaohema haraka haraka bila ya kutoa sauti, chunguza matandiko. Majani yaliyoota ukungu, au randa zilizokuwa zimelowana zikakaushwa, hutoa vumbi la ukungu linaloota ndani ya mapafu. Hakuna dawa ya kuwarudisha walioumia; kuondoa matandiko yote na kubadilisha chakula chenye uvundo huwaokoa waliobaki.

Dalili: kikohozi pamoja na kinyesi cha kijani, shingo kupinda au vifo

Hapa usitafute sababu nyingi. Kwa kuku wasiochanjwa, kideri ndicho cha kwanza kufikiriwa, kisha mafua makali ya ndege, kisha kipindupindu cha kuku. Kideri huanza kuonekana kati ya siku mbili na kumi na tano baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya tano au ya sita, na kwenye kundi lisilo na chanjo huweza kuua karibu wote. Hakuna antibayotiki, mshubiri, kitunguu thomu wala pilipili inayokiua kirusi hicho. Nina heshima na dawa za wazee wetu, na kitunguu thomu kilichopondwa hakimdhuru kuku, lakini mshubiri hufanya maji yawe machungu, na kuku mgonjwa aliyekwisha kupungukiwa na maji akiyaonja mara moja huyaacha. Kumnyima maji katika hali hiyo ni kumharakishia kifo.

Kinachowezekana ni kuzuia kisienee. Funga kuku wako wasizurure, uwaarifu majirani ingawa ni jambo zito kusema, na uzike waliokufa kwenye shimo la kina cha mita moja, mbali na kisima, ukimwagia chokaa au jivu kabla ya kufukia. Kwa wenzetu wa Micheweni na kwengine kwenye ardhi ya mawe ambako shimo la namna hiyo halichimbiki, wachomwe mpaka wawe majivu. Kuwatupa kichakani huwapa kunguru na mbwa kazi ya kukipeleka kideri shehia ya pili. Kuwachanja waliobaki wakati ugonjwa umo ndani kwa kawaida ni kuchelewa, kwa sababu kinga huchukua kama wiki mbili kukamilika. Baada ya kumshika mgonjwa usijiguse macho, kwani kirusi cha kideri huweza kumpa binadamu macho mekundu ya siku chache.

Tatizo: dawa imetolewa na hawaponi

Mara nyingi dawa si mbaya, ila haijamfikia kuku. Chunguza kwa utaratibu huu.

Je, wanakunywa maji hayo peke yake? Kuku anayezurura hunywa kisimani, kwenye mtaro na kwenye sufuria iliyolowekwa, hivyo dawa yako anaionja tu. Wafunge kwa siku zote za tiba, ambazo aghlabu ni kati ya tatu na tano, na chombo chenye dawa kiwe ndicho pekee. Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Kwa kuku kumi, tayarisha lita mbili na nusu, uimwage iliyobaki kesho yake na uchanganye mpya. Anayeumwa sana asiyekunywa mwenyewe atiliwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache kwa wakati, pembeni mwa mdomo, asije akapaliwa.

Je, maji ni ya namna gani? Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa nyingi, unayoiona ikiganda ndani ya birika. Chokaa hiyo huishika oksitetrasaiklini na doksisaiklini isiingie mwilini. Tumia maji ya mvua kwa kuchanganyia dawa, na siku za tiba uondoe makombe ya chaza yaliyosagwa unayowapa wanaotaga. Jambo hili halikupi gharama yoyote, na nimeona tofauti yake kwa macho yangu.

Je, kipimo kilikuwa sahihi? Paketi za jina moja hutofautiana nguvu, kwa hiyo hakuna kipimo cha kijiko kinachofaa zote. Soma gramu kwa lita zilizoandikwa, kisha umwombe mwenye duka akupimie kiasi hicho kwenye mizani, ukifunge kwenye vikaratasi vya siku moja moja. Utagundua kwamba paketi uliyokuwa ukiimaliza kwa siku mbili ilipaswa kutosha kwa tiba nzima pamoja na jirani yako.

Je, ni bakteria kweli? Ikiwa siku tatu kamili zimepita, maji ni ya mvua, kipimo ni sahihi, na hakuna mabadiliko, acha. Usipande kwenye dawa yenye nguvu zaidi kama enroflokisasini kwa shauri la muuzaji pekee. Dawa ya jamii hiyo hutegemewa hospitalini kwa binadamu, na Marekani iliiondoa kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu uliokuwa ukijitokeza. Fedha ya paketi hiyo ya pili ni bora uitumie kwa nauli ya kumpeleka kuku kwa daktari wa mifugo.

Mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye paketi zipite tangu siku ya mwisho ya dawa. Paketi isiyoandikwa siku hizo isinunuliwe.

Fedha kidogo ziende wapi kwanza

Zikiwapo fedha za jambo moja tu, ziende kwenye chanjo ya kideri. Ile ya I-2, ambayo mbegu yake ilichaguliwa nchini Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji na ambayo kwetu Tanzania hutengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo nyengine, ingawa nayo haitaki jua wala kukaa ovyo. Hutiwa tone moja kwenye jicho moja, kwa mkubwa na kwa kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Shikilia kichupa kikiwa wima, ncha ikielekea chini, tone lidondoke lenyewe bila ya kugusa jicho, na usimwachie kuku mpaka apepese. Wachanjwe wazima tu.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishachanganywa ni bora kitumike siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kichangieni. Nyumba sita au saba za mtaa mmoja zikitoa kidogo kidogo, mmoja akaenda kukichukua kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kazi ikafanywa alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, gharama kwa kila kuku huwa ndogo kuliko bei ya yai. Wale wanaolala juu ya mwembe washushwe usiku wa kabla yake, la sivyo watakosekana, nao ndio watakaoumwa.

Jambo la pili kwa unafuu ni karantini. Kila kuku anayetoka sokoni, awe wa kununua au aliyerudi bila ya kupata mnunuzi, akae peke yake kwa wiki tatu, na chombo chake cha maji kiwe chake. Tahadhari hii inahitajika zaidi karibu na Idi na mwezi wa Maulidi, wakati kuku kutoka sehemu nyingi wanapokutanishwa kwenye matenga mamoja.

Ukilazimika kupeleka kuku aliyekufa kuchunguzwa, na si katika zile hali zinazotaka wataalamu waje wenyewe, mpeleke ndani ya saa chache tangu afe. Mtie kwenye mfuko wa nailoni, na huo ndani ya mwengine, uufunge vizuri, uuzungushie barafu bila ya kumgandisha, kwa sababu aliyeganda viungo vyake haviwezi kusomeka vyema. Beba na karatasi yako yenye majibu ya yale maswali matatu, pamoja na paketi tupu ya kila dawa uliyokwisha kuitumia.